Saa ya Dar, Jua la Mtwara

Redio ya taifa ikisema "kumekucha" saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwetu Mtwara mwezi wa Oktoba imechelewa. Jua limeshachomoza, kuku wameshashuka, na waliodamkia mikorosho wameshajaza ndoo ya kwanza. Kigoma wakati huohuo ni giza. Watu wa huko watangoja zaidi ya dakika 40 ndipo walione jua tunaloliona sisi, kwa sababu kati ya Kigoma na Mtwara pana karibu digrii kumi na nusu za longitudo, na kila digrii ni dakika 4. Hiyo ni jiografia ya kidato cha kwanza. Nchi moja, saa moja, macheo mbalimbali. Mpanga vipindi aliyeko Dar es Salaam inabidi achague atangaze asubuhi ya nani, naye huchagua ya Dar es Salaam.

Simlaumu sana. Sensa ya 2022 ilituhesabu tukiwa zaidi ya milioni 61, na hakuna ratiba itakayowaamsha watu wote hao kwa wakati wao. Ila nimekuwa nikiliwaza jambo hili kila msimu wa kuokota korosho, maana ndio wakati pekee ninaosikiliza redio tangu asubuhi hadi usiku bila kubadilisha stesheni. Sibadilishi kwa sababu redio si yangu, ni ya mjomba.

Mjomba ana shamba upande wa Nanguruwe, na kwa sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kumwamkia ukapita. Shamba lake lina amri juu yako. Nikifika na begi langu, salamu inakuwa fupi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mawe umeleta?"

Pole ya safari itafuata baadaye, mawe yakishaingia kwenye redio. Ni redio ya zamani ya mawe manne makubwa, na waya wa antena umepandishwa hadi kwenye tawi la mkorosho. Mawe yaliyochoka hayatupwi. Yanaanikwa juu ya bati yapate jua, na kweli yakirudishwa yanaongea tena kwa muda. Nilimnunulia redio ya sola, ile yenye kadi ya nyimbo elfu, akampa mjukuu. "Hiyo inaimba nyimbo unazozijua," alisema. "Mimi nataka inayoniambia nisichokijua."

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Simu yangu inanipa ninachokipenda, na kesho inanipa kingine kinachofanana nacho. Redio ya taifa, kwa siku moja tu, inanipitisha kwenye bei ya mahindi ya Sumbawanga, chanjo ya watoto, mzee anayewasalimu wajukuu walioko Tarime, muziki wa dansi wa miaka ya sabini, mjadala wa sheria ya ardhi na kifo cha mtu nisiyemfahamu huko Same. Sikuomba hata kimoja. Nimekaa chini ya mkorosho nabandua korosho kwenye mabibo, mikono inanata utomvu, siwezi hata kuigusa redio nikitaka. Basi nasikiliza.

Asubuhi huanza na taarifa ya habari, kisha magazeti. Vijana wa mjini hawaelewi kwa nini mtu mzima atulie kusikiliza mtu mwingine akimsomea vichwa vya habari, lakini kwa mtu wa kusini jambo hilo lina historia. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa kivuko pale Ndundu, na hata baada ya daraja kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa miaka mingi. Mvua ikinyesha, basi linalala njiani, na gazeti linalala humo humo. Lilipofika lilikuwa la kufungia samaki. Aliyesomewa magazeti redioni alikuwa anapata ya leo, na aliyelinunua stendi alikuwa anapata ya juzi. Mjomba mpaka sasa haamini gazeti ambalo halijasomwa redioni kwanza.

Nusu ya vichwa hivyo ni Simba na Yanga. Hapo mimi huenda kuchota maji. Sina ugomvi na mpira, ila Ndanda yetu ilishuka daraja mwaka 2020, na tangu hapo kusini tunaishi kwa jina la Namungo ya Ruangwa, ambayo hutajwa pale tu inapocheza na mmoja wa wale wawili.

Kipindi cha kilimo ndicho mjomba anachokifuata na ndicho kinachomkera. Mtangazaji anamwambia "mkulima" aandae shamba kwa mvua za vuli. Mkulima gani? Dar es Salaam, Tanga na Kilimanjaro wana vuli na masika. Sisi wa Lindi na Mtwara, pamoja na Ruvuma, Mbeya, Dodoma na Tabora, tuna msimu mmoja tu, unaoanza mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa huugawa utabiri wake vizuri kabisa kwa kanda, na hutaja pwani ya kusini kwa jina. Lakini taarifa ikishapita kwenye mdomo wa mtangazaji mwenye haraka, kanda zinayeyuka na anabaki mkulima mmoja asiye na kwao. "Huyo mkulima wao anaishi wapi?" mjomba huuliza, na wajukuu hucheka ingawa wamelisikia swali hilo tangu wakiwa wadogo.

Lakini siku ikitajwa bei ya mnada, ndoo zote zinawekwa chini.

Asiye wa huku nimweleze. Tangu mwaka 2007 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupewa stakabadhi, korosho inaingia ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani. Kati ya siku uliyopima na siku fedha inapoingia benki kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo anamoishi mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo. Anakuja nyumbani jioni na noti mkononi, anajua mtoto amerudishwa ada, anataja bei yake. Anachokitegemea zaidi ya shida yako ni wewe kutojua mnada wa jana umefikia wapi. Sentensi moja ya redio, "bei ya juu kadha wa kadha, bei ya chini kadha wa kadha", inamfukuza barazani bila hata kumtukana. Nimeona kwa macho yangu akiondoka.

Ndiyo maana bei ya korosho kusini si habari ya biashara. Novemba 2018 minada ilipokwama na Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi liisombe, watu waliisikiliza redio kama wanasikiliza matokeo ya mtihani wa mtoto. Oktoba 2024 bei ilipopita shilingi 4,000 katika mnada wa kwanza wa Tandahimba na Newala, kuna wazee walitaka irudiwe kusomwa. Kitu kimoja tu redio haikisemi: makato. Bei inayotangazwa ni ya mnadani. Kabla haijafika kwako inapita ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa halmashauri, usafiri, ghala. Mkulima mgeni anaisikia bei ya redio, anapiga hesabu ya bati za nyumba, halafu anaenda benki na kukuta nyumba haina madirisha. Dakika 2 za kueleza makato zingeokoa ugomvi mwingi baina ya wanachama na makatibu wao, ambao mara nyingine hawana kosa.

Mchana unaingia na salamu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo redio ya taifa ilipokuwa bora kuliko kitu kingine chochote tulichokuwa nacho.

Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, jina lililotumika tangu 1965, vipindi vya salamu viliendeshwa kwa kadi. Unaijaza kadi: jina lako, mahali ulipo, majina ya unaowasalimu na mahali walipo, ujumbe mfupi, wimbo. Kukawa na watu waliojulikana nchi nzima kwa kazi hiyo tu, wanasalamu wenye lakabu zao, ambao hawakuwa wasanii wala wanasiasa. Wagonjwa walikuwa na chao, Ugua Pole. Watoto walikuwa na Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda iliyotulia kiasi kwamba hata watu wazima walijifanya wanapita tu karibu na redio. Julius Nyaisangah, Anko J, aliyefariki Oktoba 2013, yeye alikuwa anaweza kusoma majina ya vijiji vya Liwale bila kuyavunja mguu hata kimoja. Si kila mtangazaji wa leo anaweza. Nimesikia Nanyumbu ikisomwa kwa namna ambayo Mmakua wa huko angeomba ramani.

Halafu yakaja matangazo ya vifo. Mpangilio wake wazee wanaukariri mpaka leo: fulani wa Mtama anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea jana katika hospitali ya Nyangao, mipango ya mazishi inafanyika nyumbani, habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Nachingwea, mashemeji wa Tunduru na Songea, watoto walioko Mwanza na Tanga, ndugu na jamaa popote pale walipo. Anayelisikia tangazo hilo akiwa Bukoba hamjui hata mmoja wa waliotajwa. Lakini amekwisha jua kwamba kuna mahali panaitwa Mtama, kwamba watu wa Mtama wana mashemeji Tunduru, na kwamba msiba wao unatajwa kama wa kwao Bukoba unavyotajwa. Mimi mwenyewe nimejifunza nusu ya wilaya za nchi hii kwa misiba ya watu. Sikumbuki hotuba ya umoja wa kitaifa iliyonifunza zaidi.

Sasa msiba unakwenda kwenye kundi la familia la WhatsApp, na unafika haraka kuliko redio. Ni nafuu, sikatai. Wakati wa mazishi ni mfupi na simu imewawahisha wengi. Kilichopotea ni yule wa Bukoba.

Kuna jambo moja kuhusu ratiba ya mchanganyiko ambalo limepimwa, halikubaki maneno ya watu wenye kumbukumbu tamu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kipindi kilirushwa redioni, na wanavijiji wakakaa vikundi vikundi na kijitabu na kiongozi wao, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Walioshiriki walikuwa wapatao milioni 2, katika nchi ambayo wakati huo haijafika hata robo ya watu wa leo. Mjomba alikuwa kijana. Anakumbuka kwamba redio ya kikundi iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, na kwamba kiongozi wa kikundi chao alikuwa na choo kibaya kuliko wote.

Miaka 20 baadaye, 1993, ulianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, unaohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Watafiti walifanya jambo la werevu: Dodoma ilikuwa na mtambo uliorusha vipindi vyake vyenyewe, basi kwa miaka 2 ya mwanzo mchezo haukusikika huko, na wakapata mkoa wa kulinganisha na sehemu nyingine za nchi. Walikosikia mchezo, watu walipanga uzazi zaidi. Na jina la mhusika likaingia mitaani: mwanamume mwenye tamaa akaitwa Mkwaju. Mjomba ana jirani mwenye jina hilo hadi leo, na sina hakika kama wajukuu wake wanajua lilitoka wapi.

Kwa nini uliwapata watu wengi hivyo? Nadhani kwa sababu haukusimama peke yake. Nani angetenga jioni yake asikilize uzazi wa mpango? Mtu aliiwasha redio asubuhi akaiacha, habari zikapita, muziki ukapita, na Mkwaju akamkuta amekaa. Leo kipindi cha afya kinawekwa kwenye intaneti kikisubiri mtu anayejali afya akitafute. Huyo alishajali tayari.

Redio ya siku nzima nayo ina upande wake usiopendeza. Tarehe 22 Mei 2013 maduka ya Mtwara mjini yalifungwa na watu wakakaa karibu na redio na runinga kusubiri bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini isomwe Dodoma, kwa sababu ya bomba la gesi kutoka huku kwenda Dar es Salaam. Waliyoyasikia hayakuwa waliyoyataka. Vurugu zilizofuata ziligharimu maisha na nyumba, na Jeshi likaletwa mitaani. Kwa siku kadhaa habari za mji wetu tulizisikia zikisomwa na watu walioko mbali, kwa utulivu, kati ya kipindi kimoja na kingine, kisha ukawekwa muziki. Sijawahi kuusahau ule muziki. Januari 2016 TBC, shirika la utangazaji la taifa, iliacha kurusha Bunge moja kwa moja, na aliyelieleza Bunge alikuwa waziri wa habari Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, hapa jirani Lindi. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mjomba, ambaye Bunge lilimchosha kuliko mpira, alikasirika hata hivyo: alikuwa anataka haki ya kulizima mwenyewe.

Alasiri ni ya muziki, nami nitapita haraka kwa sababu kila mtu anaandika kuhusu muziki. Bendi zetu zilirekodiwa studio za redio, Barabara ya Pugu, kwa kuwa hatukuwa na viwanda vya santuri, na kwa hiyo redio ndiyo ikawa kabati la muziki wa nchi. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ikipigwa, mjomba anaacha kuokota. Basi.

Jioni inaleta tena swali la jua. Mwezi wa Ramadhani adhana ya magharibi ya redioni huadhiniwa kwa jua la Dar es Salaam. Kwetu kwa kawaida jua limezama dakika chache kabla, Kigoma litazama karibu dakika 40 baadaye, na ndiyo maana watangazaji makini huongeza "kwa Dar es Salaam na maeneo ya jirani". Mtwara kuna nyumba zinazofuturu kwa msikiti wa mtaa na nyumba zinazongoja redio, na katika dakika hizo chache watu wa nyumba ya pili wanatazama tende kwa macho ya imani kubwa. Shangazi mmoja ana msimamo wake: jua ni la Mungu, redio ni ya serikali, na yeye anafunga kwa ajili ya mmoja wao tu.

Usiku, mjomba akiisogeza redio kidogo ili aipate vizuri, ng'ambo ya Mto Ruvuma inaingia. Kwanza Kireno. Halafu, kwa muda, Kimakonde. Redio ya Msumbiji ya mkoa wa Cabo Delgado inatangaza kwa Kimakonde, Kimakua na Kimwani pamoja na Kireno, wakati kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Ninaelewa sababu, na sitaki kuibeza. Kiswahili kimetufanya tuelewane misiba, kama nilivyosema, na majirani zetu wengi wangelipa ghali kupata tulichonacho. Lakini bibi yangu, mama yake mjomba, aliishi Tanzania maisha yake yote na lugha aliyoota nayo usiku aliisikia kwenye redio ya nchi nyingine. Alipoisikia alikuwa anaijibu.

Na zamani mambo yalikuwa kinyume. Wakati wa vita vya ukombozi, FRELIMO walipokuwa na kambi Nachingwea, sauti yao iliruka kutoka Dar es Salaam kwenda Msumbiji, na waliokuwa kusini ya Ruvuma waliisikiliza kwa kujificha. Mto uleule, mawimbi yakienda upande mwingine.

Kabla ya taarifa ya saa mbili usiku kufungwa, inakuja hali ya hewa, na hiki kwangu ndicho kipindi kikuu cha taifa ingawa kinachukua dakika 2. "Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo ya pwani ya kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara." Mtu wa Singida anayasikia hayo kama shairi. Mvuvi wa Msimbati anayasikia kama amri, anakwenda kuvuta ngalawa juu. Ukanda wetu haukuzoea vimbunga. Wazee walikuwa wanasimulia kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952. Kisha Aprili 2019 redio zikaanza kulitaja jina Kenneth, shule na ofisi za Mtwara zikafungwa, watu wa bondeni wakaambiwa wahame, na kimbunga kikaingilia Cabo Delgado. Sisi tukapata upepo na mvua, wao wakapata maafa. Walikuwepo waliosema redio ilitutisha bure. Mei 2024 akaja Hidaya, akatua Mafia, mvua yake ikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga na kuwazamisha watu wa Kilwa mashamba, na malori yakapanga foleni siku kadhaa. Mara hiyo sikumsikia mtu akisema ametishwa bure.

Redio za kwetu za karibu zinafanya kazi nzuri ambayo Dar es Salaam haiwezi. Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango, na leo Mtwara tuna Jamii FM, Pride FM na Safari, Lindi kuna Mashujaa, Masasi kuna Fadhila. Zinajua mnada uko chama gani na barabara gani imejaa maji. Nikitaka kujua ya Tandahimba nasikiliza hizo. Ila hazinipi Sumbawanga, wala hazimpi mtu wa Sumbawanga mimi, na hilo ndilo deni la redio ya taifa peke yake. Inalilipa vizuri inapotaja mahali kwa jina na inalikimbia inaposema "wananchi".

Ningepewa nusu saa ya redio ya taifa kutoka huku, ningeanza na bei ya mnada pamoja na makato yote, moja moja, mpaka msikilizaji ajue kitakachobaki mfukoni. Kisha maji kujaa na kupwa kwa Mikindani, Msimbati, Lindi na Kilwa Masoko, yasomwe taratibu, kwa kuwa wavuvi na akina mama wa pweza hawana kalamu. Ningerudisha matangazo ya vifo, bure, na mtangazaji wa kuyasoma awe amezaliwa kusini ya Rufiji. Ningempa mtu wa kutoka mbali, tuseme mfuga ng'ombe wa Simiyu, dakika 5 za kueleza mwaka wake ulivyokwenda, na nisingeruhusu mtu yeyote amkatishe. Muziki ningeweka mmoja. Na mpira, samahani, hapana.

Nilimweleza mjomba mpango huu tukiwa tunafunga magunia. Akafikiri, akaukubali, isipokuwa muda. Nusu saa haitoshi, alisema. Dakika 10 za kwanza watazila wenyewe kwa matangazo ya biashara, na 5 za mwisho wataomba radhi kwamba muda si rafiki.